Shika Kamba, Usivute

Walimwambia ashike kamba, asiivute.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Machi, ndani ya kanisa la Mtakatifu Kenelm mjini Marlscombe, na waliotoa agizo hilo walikuwa wawili, wote wametumwa na Halmashauri ya Wilaya: mpiga picha mmoja, na Bi Philippa Stroud, afisa wa utamaduni, mwanamke mwenye skafu nzuri na haraka nyingi. Walitaka picha ya kubandika kwenye mabango. Mwaka ule ulikuwa wa mia na hamsini tangu kuzaliwa kwa Ambrose Tilley, mtunzi wa muziki, mtoto wa mshona matandiko ya farasi wa mji huohuo, na Halmashauri ilikuwa imejitwika kumwadhimisha.

"Nyanyua mikono kidogo, Bi Prosser. Kama vile unapiga. Tabasamu basi."

"Mimi nikinyanyua hivi, huwa navuta," akasema Hilda Prosser.

"La, la, usivute! Si unajua tena mambo ya ile amri. Wewe shika tu."

Hilda akashika. Alikuwa mkuu wa wapiga kengele wa Mtakatifu Kenelm, mama wa miaka sitini na tisa mwenye viganja vilivyokakamaa kama soli ya kiatu, na ile kamba aliyoishika ilikuwa haijavutwa tangu mwaka wa nyuma. Taa ya kamera ikammulika usoni. Bi Stroud akashukuru, akatazama saa yake, akaondoka. Nayo amri aliyoitaja, ile iliyozifunga kengele vinywa, ilikuwa imetoka katika Halmashauri yake mwenyewe. Mkono uliomziba mtu mdomo ndio uliorudi kumwomba acheke apigwe picha.

Ili dhuluma hii ieleweke, yafaa mtu amjue Hilda tangu mwanzo.

Alizaliwa katika kichochoro cha wachuna ngozi, mama yake akiwa mfua mashuka wa hoteli ya sokoni. Jioni moja ya Jumanne, akiwa na miaka kumi na miwili, alitumwa kumpelekea kaka yake kanisani skafu aliyoisahau. Katika Mtakatifu Kenelm wapiga kengele hawapandi mnarani. Husimama chini sakafuni, nyuma kabisa ya kanisa, chini ya tao la mnara, na kila aliyekaa kwenye benchi akigeuka anawaona. Msichana yule akawaona watu wanane wamesimama duara, kamba nane zikipanda na kushuka kama zina roho, na juu ya vichwa vyao ngurumo iliyomwingia miguuni kabla ya kumfika masikioni. Skafu ikamdondoka.

"Nataka na mimi," akasema walipotua.

Mkuu wa enzi hizo, mzee Yapp mhunzi, akacheka. "Wasichana hawana mabega."

"Na ng'ombe wako hana vidole, mbona kila usiku anajifungulia lango?"

Wanaume wakaangua kicheko, maana habari za ng'ombe wa Yapp zilijulikana mji mzima. Jumanne iliyofuata Hilda akapewa kamba ya kengele ndogo kuliko zote, na tangu hapo hakuiacha Jumanne ipite bure. Akawa mpishi wa shule, akawapikia watoto wa Marlscombe viazi na njegere kwa miaka thelathini. Akaolewa na Leonard Prosser, dereva wa lori la maziwa, kengele zikamlilia. Akamzika Leonard, zikamlilia tena, safari hii ulimi wa kila kengele ukiwa umevikwa ngozi upande mmoja, ili pigo moja lisikike wazi na la pili lisikike kama mwangwi kutoka ng'ambo ya mto. Ndivyo wanavyoagwa wafu wa huko.

Asiyejua hudhani kupiga kengele ni kuning'inia kwenye kamba. Kila kengele ina mtu wake, kila mtu ana zamu yake, na zamu hubadilika kila mzunguko: aliyekuwa wa tatu huwa wa nne, wa nne akarudi wa tatu, na hakuna anayeruhusiwa kuandika mahali popote. Huchukuliwa kwa sikio, kwa jicho, na kwa matusi madogomadogo ya kirafiki. "Godfrey! Umelala?" "Silali, nakusubiri wewe, umechelewa tangu mwaka wa mafuriko!" Mazoezi yakiisha, wote huhamia baa ya Plau, wakabishana juu ya bia mpaka mwenye baa awafukuze.

Na Ambrose Tilley alikuwa mmoja wao. Hili ndilo ambalo mabango hayakulisema. Kabla ya London, kabla ya nishani na kumbi kubwa, alikuwa mvulana wa kamba ya tano. Baba yake ndiye aliyekata mikanda ya ngozi ambayo bado inaning'inia kwenye msumari chini ya tao, mikanda ya kufunga ndimi za kengele pale mwanafunzi anapojifunza kuvuta, ili makosa yake yasiwasumbue majirani. Naam, watu wale walijua adabu ya ujirani kabla Halmashauri haijazaliwa. Na Tilley alipoandika kazi yake kubwa, "Shukrani ya Bonde", karibu na mwisho aliinyamazisha okestra yote na kwaya yote, akaandika kwa mkono wake juu ya nota: *Hapa mngoje kengele zetu.* Zetu. Hakuandika kengele zozote. Kwingineko duniani hupigwa mabomba ya chuma kuziba pengo hilo. Marlscombe, kila msimu wa mavuno, walipiga wenyewe.

Kisha ile bustani kongwe ya mipea iliyokuwa nyuma ya kanisa ikang'olewa, nyumba mpya zikajengwa, na mtu mmoja katika nyumba hizo akalalamika kuhusu kelele za Jumanne. Sheria inamficha mlalamikaji. Afisa wa mazingira akaja na kipimo chake, akasimama dirishani pa chumba fulani cha kulala, akaandika tarakimu, akarudi ofisini. Kanisani hakuingia. Wapiga kengele hakuwauliza neno. Barua ikafika: sauti ya kengele isisikike nje ya kuta za kanisa hadi itakapoamriwa vinginevyo.

Mji ukaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Kwenye duka la nyama watu walikuwa wakitaja majina.

"Ni yule mwenye mbwa mweupe," mmoja alimwambia Hilda. "Nakuapia."

"Usiape," Hilda akamjibu. "Kulalamika ni haki ya mtu. Hata mimi ningekuwa na mtoto mchanga pale ningelalamika, halafu ningetaka mtu aje tuzungumze. Aliyekosa ni yule aliyehukumu bila kusikiliza upande wa pili."

Hakumtafuta mlalamikaji, wala hakukubali atafutwe. Lakini aliona yaliyofuata. Wanafunzi wake watatu, wasichana wawili wa duka la dawa na kijana wa posta, walijaribu kuendelea wakiwa na ndimi za kengele zimefungwa. Hilo lafaa kwa wiki za kwanza, mkono ukiizoea kamba. Baada ya hapo ni sawa na kumfundisha mtu kusoma gizani. Mmoja akahamia kuogelea, wa pili akaacha tu kuja, wa tatu akaomba radhi akilia. Wakabaki wazee wanane kwa kamba nane. Mmoja akishikwa na mafua, hakuna kengele. Sanaa ya namna hii huuawa kwa kunyimwa Jumanne yake, na muuaji hahitaji hata kuinua mkono.

Huku kengele zikiota kutu, sherehe zikaota mbawa. Sanamu ya shaba ya Tilley ikasimamishwa sokoni. Jibini likapewa jina lake. Vikombe vikachapwa sura yake, na masharubu yake yakawa mpini. Kwenye nguzo za taa zikafungwa spika, na kuanzia asubuhi hadi machweo zikavumisha muziki wake, pamoja na sauti ya kengele za Mtakatifu Kenelm iliyorekodiwa zamani. Debe tupu haliachi kuvuma. Spika zile zilisikika mpaka kwenye daraja la mto, na hakuna afisa aliyefika na kipimo.

Katika mkutano wa hadhara Hilda akasimama.

"Bi Stroud, nataka kujua jambo moja. Kengele zenyewe ni kelele, nakala yake kwenye kinasa sauti ni utamaduni?"

Watu wakacheka. Bi Stroud akawa mwekundu. "Bi Prosser, naelewa kabisa hisia zako. Lakini ile amri ni ya Idara ya Mazingira. Mimi ni Utamaduni."

"Idara hiyo iko wapi?"

"Iko... kwenye jengo letu."

"Ghorofa gani?"

"Ghorofa yetu. Mlango wa pili."

"Basi, mama, gonga!"

Ukumbi ukalipuka. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Hawakusema atunzwe kwa kuvunjiwa uwanja aliochezea.

Wiki tatu kabla ya tamasha, Bi Stroud akagonga mlango wa Hilda mwenyewe. Jikoni alimkuta Godfrey Yapp, mwana wa yule mhunzi wa zamani, mpiga kengele kubwa kuliko zote, mzee wa miaka themanini na moja aliyezoea kuja kunywa chai na kulaumu keki. Bi Stroud hakungoja hata kukaa vizuri kitini.

"Nimegonga, Bi Prosser. Ule mlango wa pili. Na wamekubali. Mtapiga siku ya tamasha, mahali pale pale Tilley alipopaandika."

Kikombe cha Yapp kikagonga meza. "Mungu akubariki, binti!"

Hilda akaitazama mikono yake. Moyo wake ulikuwa umeruka, asingeweza kukana. Aliisikia mikononi ile kamba, uzito ule unaokuja kidogo, kisha mwingi, kisha hauna. Halafu akauliza, "Na Jumanne inayofuata?"

Bi Stroud akakoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Ni ruhusa ya siku moja. Jumanne amri inarejea."

"Basi hatutaki."

"Tunataka!" Yapp akasimama, meza ikimsaidia. "Hilda, we mwanamke, una nini? Kichwa chako kigumu kuliko ile kengele yangu, na yangu ukiigonga angalau inajibu!"

"Kaa, Godfrey."

"Sikai. Mimi baba yangu aliipigia kazi ya Tilley, Tilley mwenyewe akiwa amesimama pale mlangoni, kofia mkononi. Mimi sina mwaka mwingine wa mia na hamsini. Sina hata uhakika wa Krismasi. Unanipokonya siku yangu kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya ubishi!"

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Lakini aliyatazama mpaka mwisho wake, kama alivyozoea kuutazama mfuatano wa kengele, akaona yanakoelekea.

"Sikia," akasema taratibu. "Wakitupa siku moja, watapiga picha. Wataandika kwamba kengele za Marlscombe zililia kwa heshima ya mwana wa mji. Nani atauliza habari za Jumanne baada ya hapo? Watakuwa wameshamaliza deni. Hapo tumefunguliwa jela tukacheze ngoma mbele ya wageni, kisha turudishwe tukafungiwe, nasi tushukuru. Hiyo siiti ruhusa. Ni pazia."

"Na mimi?" akauliza Yapp, sauti imeshuka. "Mimi nife bila kuivuta?"

Hilda akamtazama rafiki yake. Ndipo ikamjia ile mikanda ya ngozi kwenye msumari.

"Utaivuta," akasema. Akamgeukia mgeni. "Bi Stroud, nakushukuru kwa kugonga. Waambie wakubwa wako hatutaitumia ruhusa yao ya siku moja. Tutaitii amri yao, neno kwa neno, kama walivyoiandika."

Bi Stroud akaondoka bila kuelewa, ila kwa nafuu ya mtu aliyeambiwa atatiiwa. Siku ya pili yake Hilda akaenda kwa kiongozi wa okestra, Bi Rosalind Achurch, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, akamweleza yote waziwazi, maana hakupenda kumtegea mtu. Bi Achurch akaifungua nota, akaweka kidole juu ya yale maneno ya Tilley.

"Hapa imeandikwa ningoje," akasema. "Nitangoja. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba nimwashirie fundi wa spika awashe kengele zilizorekodiwa."

Tamasha likaangukia alasiri ya Septemba yenye jua. Benchi zote zilijaa. Mstari wa mbele mwenyekiti wa Halmashauri na mkufu wake wa cheo, Bi Stroud kando yake, nyuma yao wageni kutoka London na wenyeji katika suti zao za misa na mazishi. Miganda ya ngano na mapea mekundu yalikuwa yamepangwa kwenye madirisha. Mnarani, tangu asubuhi, Hilda na wenzake walikuwa wamezifunga ndimi zote nane kwa mikanda iliyokatwa na baba yake Tilley. Kitu pekee cha ukoo ule kilichobaki kikitumika mjini, na tazama kilichotumiwa kufanya.

"Shukrani ya Bonde" ikapanda, ikajaza kanisa, ikafika karibu na mwisho wake. Bi Achurch akashusha mikono. Okestra kimya. Kwaya kimya. Fundi wa spika akiwa na kidole juu ya kitufe akamtazama, naye hakumtazama. Alikuwa amegeukia nyuma, chini ya tao, na watu wakageuka naye.

Wanane walikuwa wamesimama duara.

"Angalieni," akasema Hilda, kama ilivyo desturi. "Ndogo inakwenda. Imekwenda."

Kamba zikaanza. Ndogo ikashuka, ya pili ikaifuata, ya tatu, mpaka kubwa ya Yapp, kisha mduara upya; halafu zamu zikaanza kubadilishana, mikono ikipanda juu ya vichwa na kushuka mpaka mapajani. Huko juu kengele nane, tani kadhaa za shaba, zilikuwa zikigeuka midomo juu midomo chini, na hakuna hata moja iliyotamka. Palisikika kamba zikipita kwenye matundu ya dari. Palisikika mihimili ikilalama, na pumzi za wazee. Mnara wenyewe ulikuwa ukiyumba kidogo, kama kawaida yake, na mapea mawili yakabiringika dirishani yakaanguka.

Mgeni mmoja wa London akanong'ona kwa nguvu kuliko alivyokusudia: "Zimeharibika?"

Muuza nyama, aliyekuwa benchi la nyuma yake, hakunong'ona. "Hazijaharibika, bwana. Zimekatazwa."

Neno likatembea. *Zimekatazwa.* Benchi kwa benchi, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka likafika kwenye ule mkufu wa cheo, na mwenye mkufu akatazama viatu vyake. Na kamba ziliendelea. Hilda hakukatisha hata zamu moja. Alimpa Tilley haki yake yote, aliwapa Halmashauri amri yao yote, akawaacha watu wasikilize kimya hicho kwa urefu wake kamili. Kisha akasema, "Simama," na kengele nane zikatua. Bi Achurch akainua mikono, na kwaya ikaingia kwenye ubeti wa mwisho.

Baadaye, watu wakitoka, Yapp alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tao, mikono magotini. Hilda akaketi kando yake.

"Umeisikia?" akamwuliza.

"Yote," akasema Yapp, akijifuta macho kwa ngumi. "Ya tano ilichelewa mara mbili."

Ndipo Bi Stroud akawafikia, uso umemwiva. "Umetuaibisha, Bi Prosser. Mbele ya wageni!"

"Mimi?" Hilda akainuka. "Mlitaka sauti isisikike nje ya kuta za kanisa. Imesikika? Machi mlinipa kamba nishike nisivute. Leo nimevuta, na kimya mlichoagiza mmekipata. Kama kimewauma, basi mjue hivyo ndivyo kinavyotuuma sisi kila Jumanne."

Miezi imepita tangu siku ile. Spika zimeshushwa, vikombe vyenye masharubu vinauzwa kwa nusu bei, sanamu imeanza kupata kinyesi cha njiwa. Amri haijaondolewa. Kila Jumanne Hilda Prosser hufungua kanisa, wazee wanane husimama duara, na mikanda ya ngozi hubaki palepale juu ya ndimi za kengele.

Enyi wajumbe wa Halmashauri ya Wilaya, na wewe mwenyekiti uliyetazama viatu: msituletee tena mabango wala sanamu. Mtumeni afisa wenu wa mazingira, aje Jumanne, aingie kwa mlango wa kanisa, aketi na wapiga kengele na yule mlalamikaji meza moja, wapatane saa na urefu wa mazoezi kama majirani. Kisha ifuteni amri hiyo, si kwa siku moja wala kwa tamasha moja, bali kabisa, wangali hai wazee wanaoweza kuwarithisha wengine. Zifungueni kengele za Marlscombe.